Tisa Kati ya Kumi na Mmoja: Uchambuzi wa Kisa cha Kutabiri Kikosi cha Ureno, Desemba 2022

Mazingira

Kisa hiki kilitokea kwenye dawati la michezo la kituo kimoja cha redio katika mji wa pwani ya Tanzania, wakati wa Kombe la Dunia la Qatar. Majina ya kituo na ya watu nimeyaondoa, na mambo madogo yanayoweza kumtambulisha mtu nimeyabadili. Mechi, wachezaji na matokeo ni mambo ya hadharani, hivyo nimeyaacha yalivyo.

Tulikuwa wanne. Mimi nilisimamia dawati. Alikuwepo mchambuzi wa siku nyingi ambaye sote tulimwita Mzee, kijana wa takwimu, na binti aliyekuwa mafunzoni, mwezi wake wa pili nasi. Kila siku ya mechi kubwa tulikuwa na kipindi cha saa 7 mchana, na sehemu iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ile ya kutaja kikosi kinachotarajiwa kuanza. Wapo waliokisubiri kikosi hicho ili wapate cha kubishania kijiweni. Wapo pia waliokuwa wanapanga mkeka, yaani tiketi ya kubashiri matokeo kwa fedha, na kwao jina la mshambuliaji anayeanza lilikuwa fedha. Hilo la mkeka tulilijua vizuri, ila hatukuwahi kukaa chini tukaulizana linatudai nini sisi tunaotaja majina.

Saa za Qatar ni sawa na zetu. Mechi ya saa 4 usiku kule Lusail ni saa 4 usiku kwenye kibanda umiza cha mtaani kwetu. Orodha rasmi ya wachezaji hutoka zaidi ya saa moja kabla ya mpira kuanza, kwa hiyo utabiri wetu wa mchana ulikaa masikioni mwa watu karibu saa nane kabla ya kupimwa. Saa nane zinatosha mtu kutoa fedha mfukoni.

Tulichokuwa nacho mezani

Ureno ilikuwa icheze na Uswisi hatua ya 16 bora, Jumanne tarehe 6 Desemba 2022. Kwenye kundi iliifunga Ghana 3-2 tarehe 24 Novemba, ikaifunga Uruguay 2-0 tarehe 28 na kufuzu hapohapo, kisha tarehe 2 Desemba ikafungwa 2-1 na Korea Kusini.

Kazi ya kutabiri kikosi huanza na wasiokuwepo. Danilo Pereira, aliyecheza beki wa kati dhidi ya Ghana, alivunjika mbavu mazoezini na Pepe akaingia badala yake. Nuno Mendes, beki wa kushoto, aliumia dhidi ya Uruguay kabla ya mapumziko, nafasi yake akaishika Raphaël Guerreiro. Otávio aliumia mechi ya Ghana, akakosa mbili zilizofuata, na sasa alikuwa anarudi.

Baada ya hapo unatafuta kikosi cha msingi, yaani kile utakachokianzia kabla ya kuanza kubadili majina. Wengi hukimbilia kikosi cha mechi iliyopita. Sisi tulikataa. Dhidi ya Korea kocha Fernando Santos alikuwa amebadili wachezaji sita kwa sababu tiketi ilikuwa tayari mkononi, kwa hiyo tulirudi nyuma hatua moja hadi kikosi cha Uruguay: Diogo Costa golini, João Cancelo, Pepe, Rúben Dias na Nuno Mendes nyuma, William Carvalho, Rúben Neves na Bernardo Silva katikati, Bruno Fernandes, João Félix na Cristiano Ronaldo mbele. Uamuzi huu ulikuwa sahihi na hadi leo nautetea.

Na palikuwa na jambo la tatu, ambalo mji mzima ulikuwa unalizungumza. Dakika ya 65 ya mechi ya Korea, Ronaldo alitolewa, na kamera zikamwonyesha akisema maneno huku uso umekunjamana. Yeye alieleza kwamba alikuwa anamjibu mchezaji wa Korea aliyemhimiza atoke haraka. Jumatatu tarehe 5, kwenye mkutano na waandishi wa habari, Santos alisema ameshaziona zile picha na hakuzipenda hata kidogo, akaongeza kuwa suala limemalizwa ndani. Alipotakiwa kuthibitisha kama Ronaldo angekuwa nahodha kesho yake, hakuthibitisha.

Kikao cha Jumatatu usiku

Tulikaa kama saa moja na nusu. Nafasi tatu tulizifungua kwa mjadala. Beki wa kushoto iliisha haraka: Mendes ni mgonjwa, Guerreiro anacheza. Katikati tulibishana kwa muda mrefu kati ya Neves na Otávio, tukamchagua Otávio, kwa hoja kwamba Santos alimwanzisha mechi ya kwanza kabisa alipokuwa mzima, na mchezaji aliyeumia akiwa chaguo la kwanza mara nyingi hurudi kuwa chaguo la kwanza. Beki wa kulia kijana wa takwimu aliuliza kama Diogo Dalot hawezi kuanza, kwa vile ndiye aliyetoa pasi ya bao dhidi ya Korea. Mzee akamjibu kwamba Cancelo ni beki wa kiwango kingine. Tukasonga mbele.

Nilipokuwa naandika jina la mwisho, la namba tisa, yaani mshambuliaji wa kati, binti akainua mkono.

"Samahani, Mzee. Namba tisa hatujaijadili."

"Namba tisa ina mjadala gani, mwanangu?"

"Mimi naona Gonçalo Ramos anaweza kuanza."

Alikuwa na hoja mbili, zimeandikwa kwenye daftari. Ya kwanza ilikuwa kauli ya Santos ya mchana ule. Ya pili ilikuwa ya mwezi Juni: tarehe 2 Juni 2022, mechi ya Ligi ya Mataifa ya Ulaya dhidi ya Hispania kule Seville, Santos alimweka Ronaldo benchi huku akiwa mzima. Alimwingiza kipindi cha pili.

Mzee alimsikiliza hadi mwisho. Hakuwa mtu wa kukatiza wadogo. Kisha akasema, "Hispania ile ilikuwa ligi. Hii ni mtoano wa Kombe la Dunia. Na hao Uswisi, siku tatu tu baada ya hiyo mechi unayoitaja, Ronaldo huyohuyo aliwafunga mawili, Ureno ikashinda nne bila. Kocha yupi atamweka nje mtu wa namna hiyo?"

Nilikubaliana na Mzee. Nilikuwa na namba yangu pia: tangu robo fainali ya Euro 2008 dhidi ya Ujerumani, Ronaldo alikuwa ameanza kila mechi ya Ureno kwenye Euro na Kombe la Dunia, mechi 31 mfululizo. Mara ya mwisho kukaa benchi ilikuwa Juni 2008, nayo, kwa bahati tu, ilikuwa dhidi ya Uswisi, Ureno ikiwa imeshafuzu. Thelathini na moja kwa thelathini na moja. Niliiona namba hiyo kama ukuta. Nikamwambia binti kwamba hoja yake ni nzuri kwa kipindi cha maoni, ila kikosi tutakitaja na Ronaldo.

Karatasi ikatoka hivi: Costa, Cancelo, Pepe, Dias, Guerreiro, William, Otávio, Bernardo, Bruno, Félix, Ronaldo.

Jumanne

Saa 7 mchana tukakitaja. Mtangazaji wa zamu aliniuliza hewani kama kuna shaka yoyote kuhusu Ronaldo. Nilimjibu, "Hapana. Huyo anaanza bila shaka." Sauti hiyo imehifadhiwa na nimeisikiliza mara nyingi.

Jioni ile Moroko iliitoa Hispania kwa penalti. Mtaani watu walikuwa bado wanarukaruka, pikipiki zinapiga honi, mtu haulizi kwa nini Mswahili wa pwani anaishangilia Rabat, wakati orodha ya Ureno ilipotoka. Ilikuwa hivi: Costa, Dalot, Pepe, Dias, Guerreiro, William, Otávio, Bernardo, Bruno, Ramos, Félix. Ronaldo benchi. Cancelo benchi. Kitambaa cha unahodha mkononi mwa Pepe.

Ramos alikuwa na miaka 21. Alikuwa ameichezea timu ya taifa mara tatu tu, zote akitokea benchi: mechi ya kirafiki dhidi ya Nigeria tarehe 17 Novemba, ambayo alifunga, kisha dakika za mwisho dhidi ya Ghana na Uruguay. Hii ilikuwa mara yake ya kwanza kuanza. Alifunga dakika ya 17, ya 51 na ya 67, na bao la Guerreiro la dakika ya 55 alilitengeneza yeye. Pepe alifunga kwa kichwa dakika ya 33, Manuel Akanji akawapunguzia Uswisi, na Rafael Leão akamalizia muda wa nyongeza. 6-1. Bao la pili la Ramos lilitokana na krosi ya Dalot, yule beki tuliyemjadili kwa sekunde ishirini.

Ronaldo aliingia zikiwa zimebaki kama dakika kumi na tano. Aliweka mpira wavuni mara moja, bendera ya kuotea ikainuka.

Asubuhi ya Jumatano simu ya kwanza ilitoka kwa dereva wa bodaboda anayetusikiliza kila siku. Alikuwa ameweka shilingi 20,000 kwamba Ronaldo angefunga. Aliongea kwa upole na hilo ndilo lililoniumiza: "Kaka, si kwamba nalaumu. Ila ulisema bila shaka. Mimi nikajua nyie mna habari ya ndani."

Hatukuwa na habari yoyote ya ndani. Tulikuwa na magazeti, televisheni na kumbukumbu zetu.

Kwa nini tisa haikuwa alama nzuri

Tulipata tisa kati ya kumi na mmoja. Kwenye kikao cha Jumatano wa kwanza kuitaja namba hiyo nilikuwa mimi, na niliitaja kama kinga. Kijana wa takwimu ndiye aliyeivunja.

Alifanya jambo dogo. Alichukua kikosi cha Uruguay bila kufikiri chochote na kukilinganisha na kilichoanza dhidi ya Uswisi. Saba walikuwa walewale: Costa, Pepe, Dias, William, Bernardo, Bruno, Félix. Ukimtoa Mendes aliyeumia na kumweka Guerreiro, ambaye kila mtu alishamwona akiingia, unapata wanane. Mtoto wa darasa la sita angepata wanane kwa dakika mbili. Sisi wanne, kwa saa moja na nusu, tulipata tisa. Jasho letu lote lilileta mchezaji mmoja, Otávio.

Kwenye mpira wa timu za taifa hesabu hii ni ya lazima, kwa sababu makocha wengi hubadili wachezaji wachache kutoka mechi moja ya maana hadi nyingine. Anayetaja kikosi kilekile atapata alama nzuri wiki nzima na hajatabiri kitu. Thamani yako iko kwenye zile nafasi mbili tatu ambazo kikosi cha msingi kinakosea. Huko ndiko tulikokuwa na Otávio mkono mmoja, na Cancelo na Ronaldo mkono wa pili.

Makosa yenyewe pia hayana uzito sawa. Ukimkosea kiungo wa kushoto, kijiwe kinacheka na kusahau. Ukimkosea namba tisa umekosea picha nzima ya mechi, kwa sababu wachezaji hupangwa kwa jozi na kwa makundi. Ronaldo wa miaka 37 akianza, timu inaelekeza krosi na mipira ya mwisho kwake, na wenzake wanamfidia mbio za kukaba. Ramos akianza, mkabaji wa kwanza ni yeye mwenyewe, Félix anapata uhuru wa kuingia kutoka kushoto, Bruno anapata mtu wa kukimbilia mpira wa nyuma ya mabeki. Majina kumi yanaweza kubaki yaleyale na timu ikawa nyingine kabisa.

Mlango tulioufunga wenyewe

Kumtabiri Ronaldo hakukuwa kosa la aibu. Mtu mwenye busara, kwa ushahidi wa Jumatatu usiku, angeweza kusema anaanza. Kosa lilikuwa kuiondoa nafasi hiyo kwenye mjadala. Tulizifungua nafasi tatu ambazo hoja zilikuwa chache, na ile iliyokuwa na hoja nyingi kuliko zote tukaifunga kwa sababu ya ukubwa wa jina.

Zitazame hoja zilivyokuwa zimelala. Bao lake pekee kwenye mashindano lilikuwa penalti dhidi ya Ghana. Kwenye mechi za mtoano za Kombe la Dunia hakuwa amefunga hata moja maishani mwake. Hakuwa na klabu, kwa kuwa mkataba wake na Manchester United ulivunjwa tarehe 22 Novemba, na kabla ya hapo alikuwa akianzia benchi mechi nyingi za ligi. Santos alikuwa amemtoa uwanjani mechi zote tatu za kundi. Kisha ikaja ile kauli ya Jumatatu.

Kuhusu kauli za makocha, nimejifunza kusikiliza tofauti. Kocha hatakuambia kikosi, na akikwambia, mara nyingine anakupoteza makusudi ili mpinzani apotee. Cha kusikiliza ni swali ambalo angeweza kulimaliza kwa neno moja na hakulimaliza. Swali la unahodha lilikuwa la namna hiyo. "Ndiyo, ndiye nahodha wetu" lingemgharimu nini Santos? Kocha anayetaka kuzima moto kuhusu mchezaji atakayemwanzisha ana kila sababu ya kulisema. Aliuacha mlango wazi, na binti peke yake ndiye aliyeona uko wazi.

Namba yangu ya 31 nayo ilistahili kuulizwa maswali kabla ya kugeuzwa ukuta. Mechi 31 hizo ni za makocha wanne: Scolari, Queiroz, Bento na Santos. Za Santos ni 18 tu, kuanzia Euro 2016. Na anayeamua kikosi cha Jumanne alikuwa Santos peke yake. Tena za 2016 zilimhusu mchezaji wa miaka 31 aliyekuwa kwenye kilele. Rekodi ndefu inaeleza mazoea. Haielezi siku mazoea yanapovunjika, na siku hiyo huwa na dalili zake za karibu. Dalili ya Seville ilikuwa ya miezi sita, kocha yuleyule, mchezaji yuleyule. Mzee aliikataa kwa kuwa ilikuwa ligi. Lakini hiyo mechi ya 4-0 aliyoitumia kumtetea Ronaldo ilikuwa ya ligi hiyohiyo, wiki hiyohiyo. Tulikubali ushahidi uliotufurahisha na kuukataa pacha wake.

Kilichokuwa kimefichwa kwenye mechi ya Korea

Sehemu hii ndiyo iliyonifanya niandike kisa hiki kwa urefu.

Tulipoamua kutokitumia kikosi cha Korea kama msingi, tulikitupa chote. Hapo tulipoteza kitu. Dhidi ya Korea, Santos aliwapumzisha sita walioanza na Uruguay: Dias, Mendes, William, Bernardo, Bruno na Félix. Ukimwondoa Mendes aliyekuwa mgonjwa, wanabaki watano. Wote watano walianza dhidi ya Uswisi. Waliobaki uwanjani kutoka mechi ya Uruguay walikuwa watano pia: Costa, Pepe, Cancelo, Neves na Ronaldo. Kati yao, watatu walikwenda benchi dhidi ya Uswisi, na hao watatu ndio hasa mabadiliko yote ambayo Santos aliyafanya bila kulazimishwa na jeraha.

Aliowapumzisha ndio aliowahitaji. Mechi ambayo haina uzito wa pointi, ukiuliza nani amecheza unapata kelele, ukiuliza nani ametunzwa unaanza kupata jibu.

Sitaki kulifanya hili kuwa kanuni, maana ni kisa kimoja. Ronaldo angeweza kuchezeshwa kwa sababu nyingine kabisa: alikuwa na mabao manane ya Kombe la Dunia, moja pungufu ya rekodi ya Eusébio kwa Ureno, na ndivyo sisi tulivyolieleza siku ile. Pepe alikuwa na miaka 39, akachezeshwa, na bado akaanza mechi iliyofuata. Hata hivyo, ilitosha kulifanya jina la Ronaldo liwe swali. Hatukuhitaji zaidi ya hapo.

Cancelo, kwa ufupi

Kosa la Cancelo lilikuwa baya kuliko la Ronaldo kwa upande wa mbinu, ingawa hakuna aliyetupigia simu kulalamika. Kwa Ronaldo tulikuwa na rekodi ya miaka kumi na minne. Kwa Cancelo hatukuwa na kitu zaidi ya hadhi yake ya klabu. Alikuwa amecheza mechi zote tatu, moja akiwa amehamishiwa kushoto, huku Dalot akionyesha kazi kulia. Tulilinganisha majina, hatukulinganisha kazi inayotakiwa. Kocha haulizi nani ni bora duniani. Anauliza nani anafaa kukaa nyuma ya mtu fulani, dhidi ya winga fulani, usiku ule.

Neno moja la hewani

"Bila shaka" lilikuwa uamuzi wangu, na lilikuwa uamuzi mbaya hata kama Ronaldo angeanza. Tungekuwa tumepatia kwa bahati, dereva wa bodaboda angezidi kutuamini, na siku nyingine angeweka 50,000.

Tangu wiki ile tulibadili namna ya kutaja. Kila jina linasomwa likiwa kwenye moja ya makundi matatu: wa hakika, mwenye nafasi kubwa, na nusu kwa nusu. Jina la nusu kwa nusu linasomwa pamoja na mpinzani wake wa namba. Tunasema wazi chanzo chetu ni nini, na kama hatuna mtu kambini tunasema hatuna mtu kambini. Na tumeacha kumtaja mfungaji kwenye kipindi hicho. Mwanzoni wasikilizaji wengine walilalamika kwamba tumekuwa waoga. Malalamiko hayo ninayapokea. Siwezi kumuuzia mtu uhakika nisiokuwa nao.

Kikaoni pia lipo badiliko moja. Hakuna jina linaloandikwa bila mtu mmoja kupewa kazi ya kulipinga, na jina kubwa kuliko yote ndilo linaloanza kupingwa. Mdogo kazini ndiye anayezungumza kwanza, kabla hajajua wakubwa wanaegemea wapi. Hili lilipendekezwa na Mzee mwenyewe, mbele ya binti, na alimwomba radhi.

Njia hii ilitusaidia zaidi kwa Taifa Stars kwenye AFCON ya Ivory Coast. Stars ilifungwa 3-0 na Moroko tarehe 17 Januari 2024, kocha Adel Amrouche akasimamishwa, na Hemed Suleiman akaiongoza timu dhidi ya Zambia tarehe 21. Siku nne. Kila tulichokuwa tumekiandika kuhusu mazoea ya kocha kilikuwa cha mtu ambaye hayupo tena kwenye benchi. Tulilifuta daftari lile, tukaweka majina mengi kwenye nusu kwa nusu kuliko wakati wowote, na tukawaambia wasikilizaji sababu. Mechi iliisha 1-1, bao la Simon Msuva mapema kabisa, na sikupokea hata simu moja ya mtu aliyedai tulimdanganya.

Jumamosi iliyofuata

Nirudi Qatar. Tarehe 10 Desemba 2022 Ureno ilikutana na Moroko kwenye robo fainali, saa 12 jioni. Safari hii binti ndiye aliyeanza kuzungumza, na alisema Ramos anabaki: kocha aliyeshinda 6-1 havunji kikosi. Aliyepewa kazi ya kupinga alileta hoja kwamba Moroko hukaa nyuma na kubana nafasi, hivyo mtu wa vichwa kama Ronaldo angefaa. Tulimweka Ramos kwenye "mwenye nafasi kubwa," tukamtaja Ronaldo kama mpinzani wake, tukasoma kikosi kilekile cha Jumanne.

Tulipata kumi kati ya kumi na mmoja. Kijana wa takwimu aliandika pembeni ya karatasi, kabla hatujaanza kupongezana, kwamba kikosi cha msingi nacho kimepata kumi, kwa hiyo tulichoongeza ni sifuri. Mabadiliko yalikuwa mamoja, William Carvalho nje, Rúben Neves ndani. Moroko ilishinda 1-0 kwa kichwa cha Youssef En-Nesyri dakika ya 42, na Ronaldo aliingia mapema kipindi cha pili, akichukua nafasi ya Neves huyohuyo. Tulirudi kwenye karatasi zetu nne za maandalizi kutafuta ni nani aliyemwona Neves akija. Jina lake halikuwepo hata kwenye moja.